Sifuri Tisa

Profesa Baral ametupa karatasi mia mbili na kumi,
mimi na Dipesh, tuwagawie wenzetu wa udaktari,
mwaka wa pili na wa tatu, mabweni yote ya Dharan.
Msiandike majina, tuliwaambia.
Jazeni umri, jinsia, saa za kulala,
umbali wa kwenu, ada analipa nani,
na mkopo: upo, haupo.
Kisha maswali tisa ya moyo,
kila moja sifuri hadi tatu,
kwa majuma mawili yaliyopita.

Sasa ni saa sita usiku, mvua inatwanga bati la maktaba.
Dipesh anasoma, mimi nachapa.
Tatu. Mbili. Tatu. Moja.
Kompyuta haina uso; inameza.
Waliokopa wamewazidi wasiokopa.
Wanaolala saa nne wamewazidi wanaolala saba.
Na huyu, ambaye shamba la mpunga la baba yake
limewekwa rehani kwa ajili ya koti jeupe,
amechora pembeni ng'ombe mwenye stethoskopu,
kisha akazungushia tatu, tatu, tatu.
Tulicheka.
Halafu hatukucheka.

"Ya mia na arobaini na saba," asema Dipesh.
"Sifuri, sifuri, sifuri...
huyu mzima kuliko chuo kizima! Sifuri tisa."
Nikanyoosha shingo.
Kila sifuri imepigwa mstari katikati,
kama mlango uliotiwa komeo.

Najua mkono mmoja tu unaokata sifuri hivyo.
Renuka, wa Jumla, siku mbili kwa basi,
binti wa karani wa ghala la mchele
aliyemfunza tangu utotoni:
sifuri iliyoachwa wazi humwita mwizi,
ataitia mkia iwe sita, iwe tisa.
Renuka ageuzaye wali sahanini hadi upoe.
Renuka aliyeongoza anatomia, jina likabandikwa ukutani,
na muhula uliofuata likabandikwa tena,
ukuta uleule, gundi ileile,
nambari arobaini na sita.
Jumatatu alisema, "Nimechoka tu,"
amejifunika blanketi,
mwezi wa Juni, feni imezimika, sote tunatiririka jasho.

Tumefundishwa kupapasa ini,
kugonga kifua kwa kidole na kusikia maji yaliko.
Mtihani wa kusoma sifuri
haumo katika ratiba.

Na yangu?
Yangu ilikuwa ya tisini na mbili.
Swali la tisa niliandika moja, nikafuta,
kifutio kikatoboa karatasi,
nikaandika sifuri kando ya tundu.
Dipesh aliisoma kwa sauti bila kujua
nami nikaichapa bila kupepesa.

Nikasimama. Akanishika mkono wa shati.
"Ni siri ya utafiti. Hukupaswa kujua."
Kweli, sikupaswa.
"Basi sijui," nikamwambia.
"Naenda kuomba chumvi."

Chumba cha thelathini na moja. Nikabisha.
Nikabisha tena, kwa ngumi.
Komeo likachukua muda wake.

"Chumvi ya nini saa hizi?"
"Sina hakika."
Nyuma yake taa ya mezani, kitabu cha famakolojia
kimefunguliwa ukurasa uleule wa wiki iliyopita,
vikombe vitano vya chai vimefanya utando.

"Mimi swali la tisa nilifuta," nikasema.
Sauti ilitoka kubwa mno, korido nzima ingeweza kusikia.

Hakujibu. Hakulia, wala mimi.
Alinitazama kama mtu anayehesabu deni,
kisha akarudi kitandani,
akaviondoa vitabu kimoja kimoja
mpaka ikapatikana nafasi ya kukaa,
ndogo, yenye makombo ya biskuti.

"Funga mlango," akasema. "Lakini usitie komeo."